Nipe Mji: Tulivyoicheza Tomb of Annihilation Kibera

Kitu cha kwanza kinyozi alichouliza kuhusu msitu wa Chult kilikuwa bei ya maji.

Nilikuwa nimetoka tu kuwasimulia. Mmeshuka bandarini, jua linachoma, mbele yenu kuna msitu usioonekana mwisho wake, na ndani kabisa ya huo msitu kuna kaburi ambalo waliolitafuta hawakurudi. Nikanyamaza, nikingoja mtu aulize kuhusu kaburi. Kinyozi akajikuna kidevu.

"Maji huko mtungi ni ngapi?"

Tulicheka, lakini yeye hakuwa anatania. Na kitabu, kwa bahati nzuri, kilikuwa na jibu. Kwenye joto la Chult kila mtu anahitaji galoni 2 za maji kwa siku, yaani karibu lita 7 na nusu, la sivyo mwili unaanza kuishiwa nguvu. Mko wanne, nikawaambia, hizo ni lita 30. "Mtungi moja na nusu kila siku," akasema dada wa M-Pesa kabla sijamaliza. "Na nani anabeba?" Dakika 40 zilizofuata hatukusogea hatua moja. Tulipanga nani atabeba nini, kama mtumbwi ni bora kuliko kutembea kwa miguu, na kama kile chombo cha kukinga mvua kinachouzwa bandarini ni dili ama tunaibiwa. Ng'ambo wachezaji wengi huiruka sehemu hii kwa sababu inawachosha. Pale kwenye kinyozi, Makina, Jumapili jioni, mlango ukiwa umeshushwa nusu, ndiyo iliyowafanya waamini kwamba huo msitu upo.

Tomb of Annihilation ilitolewa na kampuni ya Wizards of the Coast mwaka wa 2017. Ni kitabu cha safari moja ndefu ya mchezo wa Dungeons & Dragons, na tumekicheza miezi kadhaa sasa. Watu wengi wanakiona kama kijitabu cha maelekezo, kitu cha kufuata kama karatasi inayokuja na jiko la gesi. Mimi nataka kukisoma kama tunavyosoma riwaya, kwa sababu kina mahali, kina watu, na kina msimamo kuhusu nani ni muhimu na nani ni mandhari tu. Ni kitabu kizuri chenye kasoro moja kubwa. Na kasoro yenyewe unaiona vizuri zaidi ukikichezea mahali ambapo watu wanajua maana ya kukaa kwenye ardhi ambayo mtu mwingine ameichora kama iko tupu.

Kwanza, kwa wale hawajawahi kucheza. Hakuna ubao wa lazima, na hakuna anayeshinda. Mtu mmoja anasimulia, wengine kila mmoja ana mhusika wake. Msimulizi anasema mko wapi na mnaona nini, kisha anauliza: mnafanyaje? Wanajibu, hadithi inasonga. Huyo msimulizi sisi tunamwita fanani, kwa sababu sote tulipitia fasihi simulizi shuleni na neno lilikuwa limekaa bure tangu tumalize mtihani.

Kama uliwahi kucheza kalongolongo, nusu ya mchezo unaijua. Wewe ni baba, yule ni mama, hii tope kwenye kopo ni ugali. Kilichokuwa kinaharibu kalongolongo ni ubishi. "Nimekupiga, umekufa!" "Sijakufa, umenikosa!" Halafu mtu anaenda nyumbani akilia. Mwaka wa 1974, Gary Gygax na Dave Arneson, Wamarekani wawili waliokuwa wanapenda michezo ya vita vya mezani, walichapisha Dungeons & Dragons, na moja ya kazi za kanuni zake ni kumaliza ubishi huo. Unataka kufanya jambo ambalo linaweza kushindikana? Rusha dadu. Kwa kanuni za siku hizi, kazi nyingi zinaamuliwa na dadu ya pande 20. Unaongeza ujuzi wa mhusika wako, na ukifikia namba iliyowekwa, umefaulu.

Dadu ya pande 20 si kitu utapata ukishuka Toi. Tukachukua vifuniko 20 vya soda, vile vya kuchezea drafti, tukaandika ndani namba 1 hadi 20 kwa makapeni, tukavitia kwenye mfuko mweusi wa kitambaa. Unaingiza mkono, unatoa kimoja, unasoma, unarudisha, unatikisa. Kila namba ina nafasi moja kati ya 20, sawasawa na dadu. Na niseme ukweli, mfuko una raha yake. Dadu inaanguka mara moja na mambo yameisha. Mkono ukiingia mfukoni, mtu anakaa huko ndani, anapapasa, anaomba Mungu, na wenzake wanampigia kelele atoe.

Kanuni zenyewe hazikutugharimu. Tangu Januari 2023 sehemu ya msingi ya kanuni za toleo la tano imewekwa wazi kwa yeyote kuitumia bila malipo, baada ya wachezaji kuja juu kampuni ilipojaribu kubana leseni ya zamani. Kitabu cha safari ndicho nilikopeshwa, nakala iliyosafiri kwenye begi la mtu kutoka ng'ambo, kona zake zimekunjika.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa mbaya, na kosa lilikuwa langu. Kitabu kina aya zilizowekwa kwenye visanduku, za kuwasomea wachezaji wanapofika mahali. Nilizisoma kwa Kiingereza kama zilivyo. Wenzangu wanajua Kiingereza vizuri tu, lakini walikaa kama watu wanaongoja maswali ya ufahamu. Hakuna aliyenikatiza, na fanani asiyekatizwa anajua mambo yameharibika. Wiki ya tatu nilifunga kitabu, nikasimulia kwa Kiswahili chetu. Mkatembea hadi jua likazama, mkafika kwenye mto, mkasikia kitu kikivuta pumzi upande wa pili. Hiyo *ka* inasukuma yenyewe, na ukisimama ghafla baada yake, mtu lazima aseme kitu. "Wee, ngoja, kinavuta pumzi aje?" akauliza fundi wa simu. Hapo ndipo tulianza kucheza.

Kulikuwa na tatizo la pili, na hili ni la mchezo wenyewe. Ukishindwa, mara nyingi kinachotokea ni kwamba hakuna kitu kinatokea. Umejaribu kufungua mlango, umetoa 3, mlango haujafunguka. Basi. Meza inapoa. Nilipokuwa nawaza nifanye nini, nikakumbuka kitendawili. Tega, nategua. Umeshindwa? "Nipe mji." Anayeshindwa ndiye anachagua mji wa kutoa, na aliyetega anapokea huo mji na kusimulia alivyokwenda huko. Kushindwa hakufungi mchezo, kunalipiwa. Tukafanya iwe sheria ya meza yetu: ukishindwa, fanani anasema "nipe mji," na wewe mwenyewe unasema umepoteza nini. Fundi wa simu alishindwa kuruka mto. "Nimevuka," akasema, "lakini buti ya kushoto imeenda na maji." Alitembea wiki mbili za msituni na buti moja. Mpaka leo wanamwita Buti.

Sasa kitabu. Hadithi yake ni hii: laana imeipiga dunia. Watu waliowahi kufa wakafufuliwa kwa uchawi wameanza kuoza wakiwa hai, na roho za wanaokufa sasa zinanaswa, haziendi popote. Mfanyabiashara mmoja tajiri, Syndra Silvane, ambaye mwenyewe alishafufuliwa zamani, anawatuma wachezaji Chult wakatafute kinachosababisha. Anawapa ramani, na wanaanzia Port Nyanzaru. Niliposema hilo jina, Dogo, mdogo wetu pale mezani, aliuliza kama samaki wa huko ni ngege ama mbuta. Ni jina la kubuni, lakini sikio la Kenya haliwezi kulisikia bila kusikia Nyanza, na nadhani aliyelitunga alitaka lisikike kama la huku bila kuwa la mahali popote.

Mjini kuna utajiri wa kweli wa ubunifu. Wakubwa saba wa biashara wanaendesha bandari, kila mmoja na bidhaa zake. Kuna mashindano ya dinosaria barabarani. Kuna historia pia: kitabu chenyewe kinakubali kwamba bandari ilikuwa chini ya wageni kabla wenyeji hawajairudisha mikononi mwao. Kitabu kilipotoka, baadhi ya wakosoaji Marekani walilalamika kwamba Chult ni Afrika ya kuchanganya, vipande vya huku na huku kwenye sufuria moja. Ni kweli, lakini meza yetu haikukwama hapo. Sisi ni watu wa Nairobi. Kuchanganya tunakujua.

Walichokwama nacho ni hesabu. Dada wa M-Pesa, ambaye mhusika wake ni mwizi mwenye vidole vyepesi (tulimcheka sana), alitaka kujua kufufuliwa kunagharimu pesa ngapi. Nikaangalia. Uchawi wa kawaida wa kufufua unahitaji almasi ya vipande 500 vya dhahabu. Na kibarua analipwa ngapi? Vipande 2 vya fedha kwa siku, na fedha 10 ni dhahabu 1. Akatoa simu, akapiga hesabu.

"Siku elfu mbili mia tano. Karibu miaka saba, bila kula." Akaweka simu chini. "Kwa hivyo hii laana imeanza na watu wa pesa ndio dunia ikashtuka."

Kwa haki ya kitabu, laana inawagusa na maskini, kwa sababu roho zao pia zinanaswa. Lakini anayeajiri ni tajiri, na hofu inayofungua hadithi ni hofu ya mtu aliyewahi kununua uhai wake mara ya pili. Nilikuwa nimesoma kitabu kizima mara mbili bila kuliona hilo. Sikuwa nimepiga hesabu ya kibarua.

Halafu kuna ramani. Ramani anayopewa mchezaji ina pwani, ina majina machache, na ndani ni pembesita tupu, moja baada ya nyingine. Kila pembesita ina upana wa maili 10, karibu kilomita 16. Nikawaambia hiyo ni kusema Nairobi nzima, kilomita za mraba 696, ingeingia kwenye pembesita 3 na kidogo. Kazi ya wachezaji ni kutembea na kujaza. Kila siku anayeongoza njia anatoa kifuniko. Msituni anahitaji 15 au zaidi, na akikosa, mmepotea.

"Kwani hakuna mtu anakaa hapa?" Dogo akaweka kidole katikati ya weupe.

"Wapo. Hawajachorwa tu."

"Hawajachorwa na nani?"

Hili swali, mahali tulipokuwa tumekaa, si la kifalsafa. Kibera ni neno la Wanubi, Kibra, maana yake msitu, na kwa miaka mingi ramani ziliendelea kuichukulia hivyo, kama msitu. Palikuwa na maelfu kwa maelfu ya watu, shule, misikiti, makanisa, reli ya kwenda Kisumu ikikata katikati, na kwenye ramani palikuwa na doa lisilo na kitu. Ni Novemba 2009 ambapo vijana wa hapa, kupitia mradi wa Map Kibera, walitembea vichochoroni na vifaa vya GPS wakaweka vituo vya maji, vyoo, zahanati na shule kwenye OpenStreetMap, ramani ya wazi ya mtandaoni. Watu hawakuanza kuishi Kibera mwaka huo. Walianza kuonekana.

Ndiyo maana weupe wa ramani ya Chult haukutusisimua kama mwandishi alivyotarajia. Kwa mchezaji wa kawaida wa ng'ambo, pembesita tupu ni mwaliko: nenda, gundua, chukua. Mchezo huu ulizaliwa na hiyo hamu. Katika kanuni za mwanzo za 1974, sehemu kubwa ya pointi za kukuza mhusika ilitokana na hazina uliyoitoa shimoni ukarudi nayo mjini. Kanuni zimebadilika mara nyingi, lakini umbo la safari limebaki: mtu anatoka nje, anaingia mahali pa watu wengine, anatoka akiwa mkubwa zaidi. Na ili usione haya, wale watu wengine wanaitwa majini, majitu, magoblini.

Hapo ndipo nafika kwenye sehemu ninayoipenda zaidi katika kitabu hiki, na inayoniudhi zaidi.

Ndani ya msitu kuna kijiji cha magoblini wa kabila la Batiri, kinaitwa Yellyark. Malkia wao anaitwa Grabstab. Kijiji chote kimejengwa juu ya wavu mkubwa uliosukwa, na wavu umefungwa kwenye mti mkubwa uliopindwa kama upinde wa mtego. Hatari ikija, wanakata kamba, mti unanyooka, na kijiji kizima kinajikunja kama mpira na kurushwa juu ya msitu hadi mahali pengine. Ni wazo la ajabu. Kitabu kinalileta kama kichekesho, kituko cha njiani, na nilijitayarisha kulichezesha hivyo. Nilikuwa hata nimefanya mazoezi ya sauti ya malkia.

Niliwaeleza wavu, mti, kamba. Kinyozi na Buti wakaanza kucheka. Dogo hakucheka.

"Hawa watu wamewahi kubomolewa," akasema.

Kimya.

"Si ni ukweli? Hakuna mtu anajenga hivi bila sababu. Hii kijiji imejengwa ikijua itabomolewa. Na sio mara moja."

Julai 2018 matingatinga yalipita Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road. Nyumba zilienda, makanisa yakaenda, shule kadhaa zikaenda. Dogo alikuwa darasa la saba. Nilijua hivyo, kama unavyojua mambo ya jirani, lakini sikuwa nimeyaunganisha na goblini yeyote. Nilikuwa nimeisoma Yellyark mara ngapi? Nilikuwa nimeona mashine. Yeye aliona kumbukumbu.

Hii ndiyo kasoro ninayosema. Waandishi wa Tomb of Annihilation wanajua kubuni watu wenye akili nyingi, halafu hawawaulizi kitu. Kijiji kinachoweza kukimbia ni jibu, na kitabu hakikujali swali lilikuwa gani. Nani aliwafukuza? Mara ngapi? Ni nani wa kwanza kusema, jamani, tusijenge tena chini? Ukurasa mmoja tu ungetosha, au hata aya moja. Badala yake tunaambiwa malkia ni mtu wa kuchekwa na wachezaji wanaweza kupigana na kila mtu pale kama wanataka. Riwaya ikifanya hivyo tungesema mwandishi hawajui wahusika wake. Sioni kwa nini kitabu cha mchezo kihurumiwe.

Tulikaa Yellyark Jumapili tatu. Kitabu hakina maandishi ya kutosha Jumapili hata moja, kwa hivyo tulitunga wenyewe. Wazee wa kijiji walijua majina ya mahali pote walipowahi kutua. Watoto walifundishwa kufunga vyombo kabla ya kufundishwa kuhesabu. Dada wa M-Pesa akaanzisha akiba ya kijiji, kila nyumba inaweka kidogo, kwa sababu, alisema, anayejua atahama bila notisi anahitaji nauli.

Jumapili ya tatu nilileta hatari. Chult imejaa wafu wanaotembea, na kundi lao lilikuwa linakuja usiku. Kijiji kinapaswa kurushwa, lakini kwanza watu wote wawe juu ya wavu. Dogo akasema yeye ndiye atakusanya watu. Niliweka 15. Mhusika wake, mganga wa msituni, alikuwa na ujuzi wa kuongeza 2. Akaingiza mkono mfukoni. Safari hii hakuna aliyepiga kelele.

Akatoa 4.

Nakiri nilitaka kudanganya. Mafanani wengi hufanya hivyo, wanasoma namba nyingine ili hadithi iende vizuri, na kuna watu wanautetea huo ujanja. Lakini kifuniko kilikuwa mkononi mwake, na sote tulikuwa tumekiona. Tena nilihisi nikimbadilishia ingekuwa ni kumwambia kwamba namwonea huruma. Nikasema tunavyosema.

"Nipe mji."

Alikaa. Stima ilikuwa imepotea, tulikuwa tunatumia tochi ya simu ya Buti iliyoegemezwa kwenye kikombe cha chai. Nilidhani atasema mtu fulani amebaki, goblini mzee labda, na nikaanza kujilaumu.

"Watu wote wamefika," akasema mwishowe. "Wametua salama. Lakini shule imebaki."

Kwenye kitabu hakuna shule Yellyark. Hakuna aliyebisha.

Wiki iliyofuata Dogo hakuja. Nilimtumia ujumbe, akajibu ana kazi. Niliwaza sana wiki hiyo. Kuna wanaosema mchezo huu ni tiba, na mimi nikisikia hivyo huwa na wasiwasi. Mimi si daktari wa mtu. Nina kitabu cha kuazima na mfuko wa vifuniko, na sikuwa nimemuuliza kama anataka kwenda pale tulipokwenda. Jumapili ya pili akaja, akakaa mahali pake, akachukua mandazi. Nikamwita pembeni nikamuuliza kama niondoe Yellyark kwenye hadithi.

"Ukiondoa nitakosana na wewe," akasema. Kweli alikuwa na kazi ile wiki. Alikuwa amebeba mawe mjengoni Kawangware. Halafu akaongeza kitu ninachokiandika hapa kwa ruhusa yake: kwamba shule ilipobomolewa, yeye hakupewa nafasi ya kusema ni nini kimepotea. Kila mtu alihesabu nyumba.

Mtu anaweza kuniambia: si muandike mchezo wenu? Mnapoteza wakati kurekebisha kitabu cha Wamarekani. Ni hoja nzuri. Kuna majaribio ya kuelekea huku: Spears of the Dawn ya Kevin Crawford, ya 2013, imejengwa juu ya falme za kubuni zenye sura ya Afrika, na moja ya kazi unazoweza kumpa mhusika wako inaitwa nganga, neno ambalo Mswahili hahitaji kutafsiriwa. Waafrika na watu weusi wa kwingineko nao wanaandika michezo yao, na siku moja ya Kiswahili itakuja, natumaini ikiwa na kitendawili ndani yake. Lakini kusoma kwa ukali kitabu cha mtu mwingine pia ni kuandika. Ndivyo tulivyofanya na kila kitabu tulichopewa shuleni.

Na sitaki uondoke ukidhani nakikataa hiki. Bandari ni nzuri, kanuni za safari ni nzuri, maji ni mazuri kuliko waandishi wanavyojua. Kaburi la mwisho, mjini Omu, nimelisoma tu, hatujalifikia, lakini mitego yake imetengenezwa kwa akili ya mtu anayependa kuua wahusika kwa haki. Ukitaka kukichezesha, nina ushauri wa aina tatu tu. Simulia kwa lugha ambayo watu wako wanagombana nayo nyumbani. Usiiruke hesabu, kwa sababu kwa watu wengi hesabu ndiyo hadithi. Na kila unapofika mahali kitabu kinapocheka, simama kwanza uulize huyu anayechekwa alifikaje hapo.

Ramani yetu iko ukutani kwenye kinyozi, kati ya bango la mitindo ya nywele na kalenda. Weupe umepungua. Majina tumeyaweka wenyewe, kwa mtindo wa hapa, mahali panapewa jina la ulikotoka au la unachokikumbuka: kuna Nyanzaru Ndogo, kuna Laini Saba ya Juu, kuna Buti Ilipotea. Wateja wakikaa kwenye kiti wanauliza hiyo ni nchi gani, na kinyozi anawaeleza bila kuzima mashine. Kwenye pembesita moja kuna mduara mwekundu. Hapo ndipo shule ilibaki.

Kwa mujibu wa kitabu tulipaswa kuwa Omu zamani. Dunia inaoza, Syndra anangoja, roho zinanaswa. Lakini wachezaji wamepiga kura na mimi nimeshindwa: kwanza tunarudi kuchukua ubao, madawati, na daftari zitakazokuwa hazijanyeshewa. Ni mwendo wa siku sita. Dada wa M-Pesa ameshapiga hesabu ya maji.